Uzi wa Bomba Unapokataa: Kutambua Makosa ya Dai na Kuyarekebisha kwa Fundi Anayeanza

Fundi bomba anayeanza hapa Mtwara kwa kawaida huishika dai yake ya kwanza, yaani kifaa cha kukatia uzi kwenye bomba la chuma, akiwa ameshazoea mabomba ya plastiki, ambayo kwa kawaida huunganishwa kwa moto au gundi, bila kukatiwa uzi, yaani mistari ya kuzunguka kama ya skrubu. Siku anapopewa kazi ya kupandisha maji hadi kwenye tenki lililo juu ya mnara, mahali ambapo plastiki hukaa juani mwaka mzima hadi ikachoka, au kazi ya kubadilisha bomba la pampu kwenye kisima cha zamani kijijini, ndipo anapokutana na bomba la chuma lenye zinki, lile ambalo madukani huitwa GI. Hununua seti ya dai ya mkono, hufunga kichwa cha nusu inchi, huzungusha kwa nguvu zake zote, na uzi unaotoka unakuwa umechanika, umekwenda upande, au unaonekana safi lakini unavuja.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi huyo. Unaanza na dalili anayoiona mkononi, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo chake. Nimefanya kazi ya mabomba ya chuma kwa miaka mingi katika Manispaa ya Mtwara Mikindani na huko Lindi, na jambo moja nimelithibitisha kuliko mengine yote: kasoro nyingi za uzi huzaliwa kabla dai haijazungushwa hata mara moja, kwenye ncha ya bomba na katika namna visu vilivyopangwa ndani ya kichwa, kisha hufichwa kwa tredi tepu (utepe mwembamba wa kuzibia viungo) mpaka siku maji yanapofunguliwa.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Dai ninayoizungumzia ni ile ya racheti, ambayo hukata mkono ukivutwa upande mmoja na kurudi bure upande wa pili: kichwa cha duara kinachobeba vipande vinne vya chuma kigumu vyenye meno, koo au bushi ya kuongoza bomba kwa nyuma, na mkono mrefu unaobebesha nguvu. Vile vipande vinne nitaviita visu, na meno ni yale yaliyochongwa juu ya kila kisu. Vaisi ni ile inayoshika bomba. Wengine huiita jiliwa. Vipimo vyetu ni vya Kiingereza, kwa sababu uzi wa bomba unaotumika nchini una asili yake katika kipimo alichopendekeza mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841, wenye pembe ya nyuzi 55 kati ya jino na jino. Kwa bomba la nusu inchi na la robo tatu kuna meno 14 katika kila inchi moja ya urefu. Kwa bomba la inchi moja hadi inchi mbili kuna meno 11. Namba hizi zishike kichwani, kwa kuwa tutazirudia mbele.

Shika na hili pia, maana limewachanganya wanafunzi wengi: ukilipima bomba la nusu inchi kwa rula hutaipata nusu inchi popote. Kipenyo chake cha nje ni takriban milimita 21.3, na tundu lake la ndani, kwa bomba la unene wa kati, ni milimita 16 na kidogo. Jina la nusu inchi limebaki kama jina tu. Anayechagua kichwa cha dai kwa kupima bomba na kutafuta namba inayolingana na rula atachagua kichwa kisicho chake.

Dai haiumi bomba

Unasukuma, unazungusha, na dai inateleza juu ya ncha bila kukata chochote isipokuwa kukwangua zinki. Anza kwa kutazama kitu rahisi kuliko vyote, yaani kitufe cha racheti. Kikiwa kimegeuzwa upande wa kufungulia, mkono utazunguka huku kichwa kimesimama, au kichwa kitazunguka kinyume na visu havitaingia. Baada ya hapo tazama kama kichwa hakijawekwa kinyumenyume. Visu vina upande mmoja ambao meno yake ya mwanzo yamechongwa yakapunguzwa ili yapate mahali pa kuingilia, na upande huo ndio unaotakiwa kukutana na ncha ya bomba. Bomba huingia kupitia upande wa koo la kuongoza, likavikuta visu.

Ikiwa hayo yako sawa, itazame ncha yenyewe. Msumeno wa chuma mara nyingi huacha ukingo mkali uliochomoza nje, na kikata bomba cha gurudumu huacha ncha iliyovimba kidogo, hasa gurudumu likiwa butu na fundi akikaza kwa haraka. Ukingo huo huzuia visu kushika. Chukua tupa, punguza ukingo wa nje kwa mshazari mdogo kuzunguka bomba lote, kama milimita moja tu, kisha jaribu tena. Kazi hii huchukua dakika moja, na nimeona watu wakipoteza nusu saa wakigombana na dai kwa sababu hawakuifanya.

Mwanzo wa kukata unahitaji mkono wa kushoto, au kiganja, kusukuma kichwa kuelekea bomba kwa nguvu iliyonyooka, huku mkono wa kulia ukivuta racheti polepole. Visu vikishaingia mizunguko miwili au mitatu, acha kusukuma. Kuanzia hapo dai hujivuta yenyewe kwa uzi ilioukata, na kuendelea kuisukuma huharibu meno ya kwanza.

Uzi umekwenda upande

Dalili hii huonekana kwa macho ukilitazama bomba kutoka kwenye ncha: upande mmoja uzi umeingia ndani sana, na upande wa pili ni mwepesi, kama umepita juu juu. Soketi (kiungo kifupi cha kuunganisha mabomba mawili) ikifungwa juu yake, bomba la pili halinyooki na la kwanza, na kwenye mstari wa mita tatu tofauti hiyo ndogo inakuwa shubiri inayoonekana ukutani.

Chanzo cha kwanza ni ncha iliyokatwa mshazari. Bomba lililokatwa kwa msumeno kwa kukadiria kwa jicho huwa halijakatwa sawa, na visu hugusa upande mmoja kabla ya mwingine. Tumia kikata bomba, au kama huna, lifunge bomba karatasi nene yenye ukingo ulionyooka, ukutanishe ukingo wake wenyewe kwa wenyewe, kisha ufuate mstari huo kwa msumeno. Chanzo cha pili ni koo la kuongoza. Vichwa vingine vina bushi za kubadilishwa kwa kila kipimo, na bushi ya robo tatu ikibaki ndani wakati unakata nusu inchi, bomba litacheza ndani yake na uzi utafuata mchezo huo. Chanzo cha tatu ni fundi kuning'inia kwenye mkono wa dai. Anayevuta kuelekea chini kwa uzito wa mwili wake, badala ya kuvuta katika duara, huinamisha kichwa katika mizunguko ya kwanza, na baada ya hapo hakuna cha kukinyoosha.

Uzi uliokwenda upande haurekebishiki kwa kupitisha dai mara ya pili. Kata kipande hicho, anza upya. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wangu simruhusu kukata bomba kwa urefu kamili wa kazi siku za mwanzo. Ataliacha refu kwa sentimita tano, ili akikosea apate mahali pa kurudia.

Uzi umechanika

Hii ndiyo dalili inayoletwa kwangu mara nyingi kuliko zote, na vyanzo vyake ni vingi kiasi kwamba inafaa kuvipitia bila haraka. Uzi uliochanika una vilele vilivyovunjika, mabonde yenye mikwaruzo, na ukiupitishia kidole (baada ya kuufuta, maana maranda ya chuma hukata ngozi) unahisi ukwaru badala ya mawimbi laini.

Tazama namba za visu kabla ya kitu kingine chochote. Kila kisu kimegongwa namba, kuanzia 1 hadi 4, na kila nafasi ndani ya kichwa imegongwa namba yake. Visu hivi havifanani. Meno ya kisu cha pili yako mbele kidogo ya yale ya kisu cha kwanza, ya cha tatu yako mbele ya ya pili, ili vyote vinne kwa pamoja vifuate njia moja ya uzi inayopanda kuzunguka bomba. Ukikiweka kisu namba 2 mahali pa namba 4, kila kisu kitakata njia yake, na kinachotoka ni chuma kilichotafunwa. Vilevile usichanganye visu vya seti mbili, hata kama namba zinakamilika, kwa kuwa seti moja ilinolewa pamoja na inachakaa pamoja. Jino moja likivunjika, seti nzima hubadilishwa.

Kuna kosa dogo linalofanana na hilo na ambalo ni gumu kuliona. Visu vimewekwa kwa mpangilio sahihi, lakini chini ya kimojawapo kumebaki punje ya maranda kutoka kazi ya jana, kwa hiyo kisu hicho kimekaa juu kuliko wenzake kwa unene wa unywele. Uzi utatoka na mkwaruzo mmoja unaojirudia mahali palepale katika kila mzunguko. Ukiona mkwaruzo wenye mpangilio namna hiyo, usitafute mafuta wala usilaumu bomba. Fungua bamba la kichwa, toa visu, safisha nafasi zake kwa brashi, kisha virudishe hadi vifike kwenye mstari wake.

Baada ya visu, mafuta. Dai inayokata bila mafuta hupata joto, na chuma kilaini kinachokatwa hunata kwenye makali ya visu, kikajenga kama uvimbe mdogo juu ya jino. Uvimbe huo ndio unaochana uzi. Mafuta ya kukatia hutakiwa kumwagwa kwa ukarimu mwanzoni na kurudiwa baada ya kila mzunguko mmoja au miwili, yakifika kwenye visu vyenyewe na si juu ya kichwa tu. Mafundi wengi hutumia oili chafu ya injini kwa kuwa hupatikana bure gereji. Naikataa kwa sababu mbili. Oili ya injini ilitengenezwa kwa ajili ya vyuma vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, wala haikukusudiwa kukata. Na oili iliyotoka kwenye injini imebeba uchafu ambao haufai hata kidogo kuingia kwenye bomba la maji ya kunywa ya nyumba ya mtu. Mtu aliye kijijini, mbali na duka la vifaa, ni afadhali atumie mafuta ya nazi au ya alizeti kwa uzi mmoja au miwili, ilimradi avifute visu vizuri baadaye, maana mafuta ya kula yakikauka huwa kama gundi.

Maranda nayo yana neno lake. Yakiwa marefu, yanajikunja na kung'aa, dai inakata vizuri. Yakiwa unga au vipande vifupi vilivyochomeka, kuna tatizo. Yakijaa kati ya visu na yasipate njia ya kutoka, huviringishwa tena juu ya uzi uliokwisha kukatwa na kuuponda. Simama kila baada ya mizunguko michache na uyaondoe kwa brashi. Kwa dai nzima isiyo na visu vya kutoa, rudisha nyuma robo ya mzunguko ili yakatike.

Mwisho wa orodha ni visu butu, na nimeviweka mwisho kwa makusudi. Mwanafunzi huanza kwa kusema visu ni butu, akatumia fedha kununua vingine, na uzi ukatoka vilevile kwa sababu mpangilio na mafuta havikubadilika. Visu butu hujulikana kwa dalili mbili zinazokwenda pamoja: nguvu inayohitajika imeongezeka siku hadi siku kwa bomba la aina ileile, na makali yakielekezwa kwenye mwanga yanaonyesha mstari mweupe unaong'aa. Makali yaliyo makali kweli hayarudishi mwanga.

Soketi inaingia yote kwa mkono, au haiingii kabisa

Uzi wa bomba haukwenda sawa kama uzi wa bolti. Unapungua kuelekea ncha kwa kiwango cha 1 kwa 16, maana yake katika kila milimita 16 za urefu kipenyo kinapungua milimita moja. Soketi nyingi za chuma zina uzi wa kwenda sawa ndani yake. Kuziba maji kunatokana na kule kupanuka kwa bomba linapozidi kuingia, chuma kikabana chuma. Tepu au katani ni ya kujaza nafasi ndogo iliyobaki kati ya kilele na bonde, na kulainisha ukazaji.

Kwa hiyo kipimo cha uzi mzuri hakihitaji chombo chochote zaidi ya soketi kavu, isiyo na tepu. Katika bomba la nusu inchi soketi inapaswa kuingia kwa vidole mizunguko minne hivi, kisha ishike. Spana ya bomba itaongeza miwili na nusu hadi mitatu. Urefu wa uzi unaofaa kwa nusu inchi ni milimita 13.2, kwa robo tatu ni 14.5, na kwa inchi moja ni 16.8. Fundi hana haja ya kuupima kwa rula, kwani visu vyenyewe vimetengenezwa kwa upana unaomwonyesha mahali pa kusimama: ncha ya bomba ikitokea na kuwa sawa na uso wa visu upande wa pili, kazi imekwisha. Ukiendelea, uzi unaoongezeka kwenye ncha unakuwa wa kwenda sawa, bila ule mpunguo.

Mwaka mmoja niliitwa Mikindani kwenye nyumba iliyokuwa na mnara wa tenki. Kijana aliyeifanya kazi hiyo, mpwa wa rafiki yangu, alikuwa amefungua na kufunga elbo moja (kiungo cha kona) tangu asubuhi.

"Mjomba, nimezungusha tepu mara kumi na nane, na bado inatoa machozi."

Nilimwambia aifungue, aifute tepu yote hadi chuma kionekane, kisha aifunge elbo ikiwa kavu, kwa vidole tu. Iliingia mpaka uzi ukaisha. Nikamwomba alete kichwa chake cha dai. Kilikuwa cha aina yenye bamba la kurekebisha, lenye mistari inayoonyesha mahali pa kila kipimo, na mstari wa bamba ulikuwa umepita alama ya nusu inchi kwa upana wa kucha, kuelekea upande wa kukata ndani zaidi. Skrubu ya kukazia ilikuwa imelegea, na kila alipovuta, bamba lilisogea. Uzi wake ulikuwa msafi, unang'aa, hauna mchaniko hata mmoja, na ulikuwa mwembamba kuliko tundu la elbo. Tepu kumi na nane zilikuwa zinafanya kazi ya chuma ambacho hakikuwapo.

Turekebishe basi hivi. Soketi ikiingia yote kwa mkono, rudisha bamba la kichwa upande wa kufungua kidogo sana, kaza skrubu, kata uzi mpya kwenye kipande cha taka, pima kwa soketi, na urudie hadi mizunguko minne ipatikane. Soketi ikishika baada ya mzunguko mmoja tu, fanya kinyume chake. Usibadilishe kwa hatua kubwa, wala usijaribie kwenye bomba la mteja. Ukipata mahali panapofaa, ligonge alama yako kwa patasi ndogo, kwa kuwa alama ya kiwandani kwenye dai za bei nafuu si ya kutegemewa sana. Kwa vichwa visivyo na marekebisho, soketi inayoingia yote maana yake ni kwamba umekata urefu uliopita kiasi, au visu ni vya kipimo au aina nyingine.

Uzi ni mzuri, soketi inashika, maji yanavuja

Hapa ndipo fundi anayeanza hukata tamaa, kwa sababu kila alichokagua kiko sawa. Chanzo kimoja cha dalili hii kina sura ya pekee hapa kwetu. Vifaa vya Marekani hutumia uzi mwingine wa bomba, wenye pembe ya nyuzi 60 badala ya 55. Katika nusu inchi na robo tatu idadi ya meno ni ileile 14 kwa inchi, kwa hiyo elbo ya Kimarekani huingia kwenye bomba letu bila ubishi, hushika, hukazika, na huvuja, kwa kuwa pembe za mabonde na vilele hazilali pamoja. Katika inchi moja Wamarekani wana meno 11 na nusu dhidi ya 11 yetu, na hapo mgongano hujitokeza wenyewe: huingia mizunguko michache kisha hugoma.

Shughuli za mafuta na gesi duniani hutumia sana uzi wa Kimarekani, na tangu gesi ya Mnazi Bay, huku kwetu Mtwara, ianze kutumika, vifaa vya namna hiyo vimekuwa karibu nasi. Nimewahi kushika mkononi elbo nzito, nzuri kuliko yoyote ya dukani, iliyonunuliwa kwa muuza vyuma chakavu, ambayo fundi aliihangaikia siku nzima kabla hatujailinganisha na elbo ya kawaida. Hata dai zenyewe huuzwa za aina zote mbili. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye visu: herufi BSPT ni za uzi wetu, NPT ni za Kimarekani. Yakiwa yamefutika, chukua kisu na kipande cha uzi unaouamini, vikutanishe meno kwa meno, uvielekeze kwenye dirisha. Mwanga usipopenya popote, ni jamaa moja. Ukipenya kama misumari miembamba, achana navyo.

Vyanzo vingine ni vya kawaida. Huenda tepu imezungushwa kinyume, hivyo elbo ikaikunja na kuisukuma nje inapoingia. Tepu huzungushwa kwa mwelekeo uleule wa kukaza. Huenda bomba lenyewe si duara tena, kwa kuwa vaisi au spana ililibana karibu sana na uzi. Au elbo ilikazwa kupita mahali pake kisha ikarudishwa nyuma ili itazame ukutani, na uzi wa bomba uliorudishwa nyuma hauzibi tena. Usiurudishe, fungua, weka tepu mpya, na ukaze hadi ifike mwelekeo unaotakiwa kwa kwenda mbele. Na kabla hujaondoka kwenye nyumba, jaza bomba maji, futa kila kiungo kwa kitambaa kikavu, kisha rudi kesho yake uviguse kwa karatasi. Tone moja la usiku halionekani kwa macho, karatasi hulionyesha.

Niseme wazi kwamba haya yote yanahusu maji. Bomba la gesi na bomba la mvuke si mahali pa kujifunzia, na mwenye dai ya wiki mbili asikubali kazi hiyo hata akibembelezwa.

Dai inakuwa nzito ghafla

Ikiwa uzito unakuja mara moja katika kila mzunguko, ni mshono wa bomba. Mabomba mengi ya chuma hutengenezwa kwa bamba lililoviringishwa na kuchomelewa, na mstari wa kuchomelea unaweza kuwa mgumu kuliko chuma kingine. Punguza mwendo ukifika hapo na uongeze mafuta; ukilazimisha kwa kishindo, jino la kisu linaweza kukatika. Ikiwa uzito ni wa kudumu, rudi kwenye maranda na mafuta. Ikiwa bomba ndilo linalozunguka ndani ya vaisi, meno ya vaisi yamejaa zinki, yasafishe kwa brashi ya waya. Usiongeze bomba refu kwenye mkono wa dai ili kupata nguvu.

Bomba linakatikia kwenye uzi, au kutu inaanzia hapo

Uzi hula unene wa bomba, na ni lazima ujue umebakiza nini. Kina cha uzi wa nusu inchi ni milimita 1.16. Bomba jepesi la kipimo hicho, lenye alama ya rangi ya kahawia, lina unene wa milimita 2.0, ukilikata uzi unabaki na milimita 0.84 kwenye bonde. Bomba la kati, lenye alama ya bluu, lina 2.6, na linabakiza 1.44. Bomba zito, lenye alama nyekundu, lina 3.2, na linabakiza zaidi ya 2.0. Kwa hiyo bomba la kahawia likikatikia kwenye uzi wakati wa kukaza, dai haina kosa na mkono wako hauna kosa. Kosa ni la ununuzi. Mteja akisisitiza bomba jepesi kwa sababu ya bei, mwonyeshe namba hizi.

Kwa miji ya pwani hesabu hii ina uzito zaidi. Dai huondoa zinki yote mahali inapopita, na kuacha chuma kitupu kikitazamana na upepo wa chumvi. Ukilitazama bomba la miaka kadhaa pale Shangani, hapa Mtwara, au kule Lindi karibu na ufuo, utaona mwili wake bado ni wa kijivu huku nyuzi mbili tatu zilizobaki nje ya soketi zimegeuka rangi ya udongo mwekundu. Mahali hapo ndipo penye unene mdogo, na hapo ndipo penye kutu. Ukishakaza, futa mafuta yote kwa kitambaa chenye petroli kidogo, acha pakauke, kisha paka nyuzi zilizo wazi rangi ya zinki mara mbili, ukizungukia na upande wa ukutani ambao mwenye nyumba hauoni. Ndani ya ncha pia pitisha rima (kifaa cha kukwangua ukingo wa ndani) kabla ya kufunga, kwa sababu ukingo ulioachwa na kikata bomba huziba sehemu ya tundu na hukamata mchanga.

Hewa hiyohiyo ya chumvi haiachi dai yako. Iliyorudishwa kwenye sanduku ikiwa na maranda na unyevu huota kutu kwenye makali ndani ya wiki chache za masika, na kutu hiyo ikisuguliwa kwa msasa makali huondoka nayo. Toa visu vyote vinne, vipige brashi, vipake mafuta mepesi, uvifunge kwenye kitambaa kimoja kwa kila seti, na uandike kipimo juu ya kitambaa ili nusu inchi isikutane na robo tatu.